Gridi inapoharibika kwenye kona kali: dalili, chanzo na tiba

Gridi ni wavu wa seli ndogo ambamo kompyuta inakokotoa mtiririko wa hewa kuzunguka umbo. Ukuta ulionyooka haumsumbui mtu. Kila nodi, yaani makutano ya mistari ya gridi, ina normali moja, yaani mshale unaosimama wima juu ya uso, na matabaka ya seli hupangwa juu yake kama shuka juu ya kitanda. Kwenye kona, nodi hiyo hiyo inamilikiwa na nyuso mbili zenye normali mbili tofauti, na programu inalazimika kuamua ielekee wapi. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini inatokana na uamuzi huo. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, ipime kona yenyewe: upande wa mtiririko ina digrii ngapi?

Zikizidi 180, hiyo ni kona ya nje, kama ukingo wa nyuma wa bawa, ambapo hewa inaizunguka. Zikiwa chini ya 180 ni kona ya ndani, kama pale bawa linapokutana na kiwiliwili cha ndege. Tofautisha hizi mbili mapema, maana tiba ya moja ni sumu ya nyingine.

Mfano utakaotumika kote ni mmoja: hewa inayokwenda mita 30 kwa sekunde, mnato wa kinematiki 1.5×10⁻⁵ m²/s, bawa lenye urefu wa mita 1 kutoka mbele hadi nyuma. Namba ya Reynolds, yaani kasi mara urefu gawanya kwa mnato, ni milioni 2. Amri na vigezo ni vya OpenFOAM (programu ya kukokotoa mtiririko) na Gmsh (programu ya kutengeneza gridi), lakini jiometria ni ile ile kwa programu yoyote.

Kwanza jua tatizo liko wapi hasa

Endesha checkMesh -allGeometry -allTopology, amri ya OpenFOAM inayokagua gridi, na usiishie kusoma mstari wa mwisho. Programu hiyo inalalamikia nyuso ambazo mstari unaounganisha vitovu vya seli mbili umelala zaidi ya digrii 70 kutoka kwenye normali ya uso, na nyuso ambazo upindo wake unazidi 4. Nyuso hizo huhifadhiwa kama seti, kwa mfano nonOrthoFaces na skewFaces. Zigeuze kwa foamToVTK -faceSet nonOrthoFaces, kisha zifungue kwenye ParaView, programu ya kuonyesha matokeo kwa picha, juu ya picha ya umbo lako.

Zikijipanga kwenye ukingo mmoja kama shanga, endelea na mwongozo huu. Zikitapakaa mwili mzima, chanzo kiko kwenye faili ya STL (faili ya umbo lililochorwa kwa pembetatu) au kwenye gridi ya msingi, na kuhangaika na kona ni kupoteza siku.

Kuna hali ya tatu: checkMesh haina lawama, lakini solva, yaani sehemu inayotatua milinganyo, inalipuka: namba zinakua bila kikomo. Hifadhi matokeo baada ya marudio 5 hadi 10, kabla kila kitu hakijaharibika, na utafute seli yenye kasi kubwa kuliko zote. Kusubiri hadi solva ife yenyewe hakusaidii, kwa sababu kufikia hapo namba mbovu zimeshasambaa na huwezi tena kujua zilianzia wapi. Kumbuka pia kwamba checkMesh haijui chochote kuhusu y+, yaani umbali wa seli ya kwanza kutoka ukutani ukilinganishwa na mnato na msuguano wa pale. Gridi inaweza kupita mtihani wote na bado isifae kwa modeli ya msukosuko uliyochagua.

Dalili: kona imeliwa, au ukingo una meno kama msumeno

snappyHexMesh, chombo cha OpenFOAM cha kutengeneza gridi, huvuta nodi za seli hadi kwenye uso ulio karibu. Isipoambiwa kwamba kuna ukingo, nodi hutua upande huu na upande ule wa kona, na ukingo wenyewe hubaki katikati bila nodi hata moja.

Angalia kwanza kama ukingo umetambuliwa. Katika surfaceFeatureExtract, amri inayotafuta kingo kwenye STL, includedAngle ya 150 inamaanisha kwamba ukingo unahesabiwa kuwa mkali pale tu nyuso zake mbili zinapokutana kwa pembe iliyo chini ya 150. Mkunjo wa digrii 160 utapitwa kimyakimya. Watu wengi hapo hupandisha hadi 170 au 175, na ndipo shida nyingine inapozaliwa: silinda iliyokatwa vipande 24 kwenye STL ina nyuso zinazokutana kwa digrii 165 hasa, kwa hiyo kwa 170 silinda yako laini inageuka kuwa kitu chenye kona 24, na gridi itazifuata zote kwa utiifu. Afadhali kutoa STL upya yenye vipande vingi zaidi kwenye mviringo, au kutenga sehemu yenye mkunjo mdogo na kuipa faili yake.

Pili, hakikisha faili ya .eMesh, yenye kingo hizo, imeorodheshwa kwenye features ndani ya castellatedMeshControls na ina level yake. Kuitengeneza faili bila kuiorodhesha ni kosa la kila siku. Kisha explicitFeatureSnap iwe true, na nFeatureSnapIter ipandishwe kutoka 10 hadi 15 au 20. Kama ukingo uko pale ambapo faili mbili tofauti za STL zinakutana, washa na multiRegionFeatureSnap.

Tatu, hesabu ukubwa wa seli. Seli ya mwisho ni seli ya msingi iliyogawanywa kwa 2, tena na tena, mara nyingi kama level inavyosema. Msingi wa milimita 80 kwa level 5 unatoa seli ya milimita 2.5. Ukingo wa nyuma wenye unene wa milimita 2.5 utapata seli moja tu, na hakuna mpangilio wa kuvuta nodi utakaouokoa. Kwa level 7 seli ni milimita 0.625, yaani nne kwenye unene huo, na sasa kona mbili zinaweza kuonekana.

Mawili ya haraka: seli za gridi ya msingi (blockMesh) ziwe karibu na mchemraba, kwani seli ndefu huvutwa vibaya, na pima STL kwa surfaceCheck ujue kama iko kwa milimita huku kesi yako iko kwa mita.

Dalili: matabaka yanakonda au kutoweka kwenye kona ya nje

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo, kwa hiyo tuhesabu taratibu.

Kwa mfano wetu, kadirio la msuguano Cf = 0.026/Re^(1/7) linatoa 0.0033, na kasi ya msuguano inakuwa mita 1.21 kwa sekunde. Umbali wa y+ = 1 ni milimita 0.0124. Solva inayohifadhi namba katikati ya seli hupima umbali huo hadi kitovu, kwa hiyo seli ya kwanza iwe na unene mara mbili yake, karibu milimita 0.025. Tabaka la mpaka, yaani hewa iliyopunguzwa kasi na ukuta, mwishoni mwa bawa lina unene wa takriban milimita 20. Ukikuza kila tabaka kwa 1.2, unahitaji matabaka 28 kulifunika, na la mwisho litakuwa na unene wa milimita 3.4 hivi.

Sasa chukua ukingo mkali wa nyuma wa bawa aina ya NACA 0012, wenye pembe ya digrii 16 hivi. Normali ya juu na normali ya chini zimeachana kwa digrii 164. Programu yenye mshale mmoja kwa kila nodi huchukua wastani wake, yaani mshale unaoelekea nyuma moja kwa moja, ambao umelala digrii 82 kutoka kwenye normali zote mbili. Ikisukuma nodi kwa umbali ule ule wa milimita 0.025, urefu wa kweli kutoka ukutani ni 0.025 × sin 8°, yaani milimita 0.0035: tabaka limesagika. Ikijaribu kusahihisha kwa kugawanya kwa sin 8°, nodi inatupwa mara 7.2 mbali zaidi, na rundo zima la milimita 20 linageuka kuwa mkia wa milimita 144 wenye seli zilizolala chali. Njia zote mbili ni mbaya. Programu yenye busara inakataa na kufuta matabaka eneo hilo, na ndicho unachokiona kwenye skrini.

Kigezo kinachoamua hilo ni featureAngle ndani ya addLayersControls. Thamani 60 inamaanisha: normali zikiachana zaidi ya digrii 60, usiendelee. Kisanduku cha kawaida chenye kona za digrii 90 kinapita kikomo hicho, kwa hiyo matabaka yatakatika kwenye kila ukingo wake. Weka 100 na yatazunguka kona. Urefu wa ziada hapo ni mara 1.41 tu, jambo linalovumilika. Ukiweka 170 ili kulazimisha ukingo wa digrii 16, matabaka yatakuja kweli, lakini yatakuwa yale yaliyolala chali.

Tiba nzuri zaidi ni kukata ncha. Ukikata ukingo wa nyuma wima, kona moja yenye tofauti ya digrii 164 inagawanyika kuwa kona mbili zenye tofauti ya 82 kila moja, na featureAngle ya 100 inatosha. Kibaya ni kwamba wengi huanza na ncha iliyokatwa tayari, kisha wanaifunga wenyewe: fomula ya asili ya NACA 0012, yenye kizidishi cha mwisho −0.1015, inaacha unene wa asilimia 0.252 ya urefu, yaani milimita 2.52 kwa bawa letu. Kubadilisha kizidishi hicho kuwa −0.1036 kunaifunga ncha. Kama huna sababu ya kuifunga, iache wazi.

Kama ncha lazima ibaki kali, tumia programu inayokubali mishale mingi kwenye nodi moja, yenye kufunguka kama upepeo wa mkono. Gawanya tofauti ya normali kwa digrii 30 au chini: 164 inahitaji sehemu 6. Katika Gmsh, kwa gridi za pande mbili, uga wa BoundaryLayer una FanPointsList ambako unaandika namba ya nodi ya ncha, na Mesh.BoundaryLayerFanElements inayopanga idadi ya sehemu. Thamani ya kawaida ni 5, na 8 huonekana vizuri zaidi kwenye ukingo wa nyuma. Kosa la kawaida ni kuandika namba ya mstari badala ya namba ya nodi, na Gmsh inaendelea bila kufungua mishale yoyote.

Mtego mwingine wa snappyHexMesh ni relativeSizes. Ikiwa true, unene wa tabaka hupimwa kwa seli iliyo nje yake. Umeongeza level kutoka 5 hadi 7 kwenye ukingo ili uuone vizuri? Basi matabaka ya hapo yamekuwa membamba mara nne kuliko ya jirani. Ukiweka false unapata unene kamili, lakini sasa unaomba milimita 20 za matabaka juu ya seli za milimita 0.6, na ukaguzi wa ubora utayarudisha nyuma. Kwa kona kali, mimi ningeacha kabisa kutafuta y+ = 1 kwa chombo hiki. Kwa y+ ya 50 na fomula za ukutani (zinazokadiria mtiririko wa karibu kabisa na ukuta), seli ya kwanza ni milimita 1.24 na matabaka 8 yanatosha kufunika zile milimita 20. Anayehitaji y+ = 1 atumie gridi ya vitalu (iliyojengwa kwa vipande vyenye pande nne) au programu yenye mishale mingi.

Dalili: ujazo hasi kwenye kona ya ndani

Hapa mishale haiachani, inagongana. Kwenye kona ya ndani ya digrii 90, nodi ya kona husafiri kwenye mstari unaogawa pembe katikati, na kila inapopanda milimita moja inasogea pia milimita moja kando ya ukuta. Jirani yake, aliye milimita 4 kutoka konani, anapanda wima. Matabaka yakifika jumla ya milimita 4, nodi ya kona imeshamfikia jirani. Kwa unene wetu, tabaka la 19 linaishia kwenye milimita 3.9 na la 20 kwenye 4.7. Seli ya ishirini imepinduka, ndani nje. Ndiyo maana gridi yenye matabaka 15 inapita na yenye 28 inakataa, na watu wanadhani programu ina kigeugeu.

Kadiri pembe inavyokuwa nyembamba ndivyo mgongano unavyowahi. Kwa digrii 20, kila milimita ya kupanda inasogeza nodi milimita 5.7 kando ya ukuta, kwa hiyo seli za milimita 4 zinagongana matabaka yakiwa na milimita 0.7 tu.

Kusawazisha nodi kwa marudio mengi huchelewesha mgongano lakini hakuuondoi. Yanayofanya kazi ni haya. Katika gridi ya vitalu, acha kabisa mstari wa katikati ya pembe: weka kitalu cha mraba konani ambacho kinakua kutoka kwenye kuta zote mbili, milimita 0.025 upande huu na milimita 0.025 upande ule, seli 28 kwa 28. Kila seli ni mstatili safi na hakuna kinachogongana. Katika gridi isiyo ya vitalu, ruhusu matabaka yashuke kwa ngazi kuelekea konani. nBufferCellsNoExtrude hupanga upana wa ngazi hizo, na thamani −1 huyakata matabaka ghafla kwa hatua moja, kwa hiyo usiiweke ukitegemea kupata ngazi.

Kona inayofikia digrii sifuri, kama gurudumu la mviringo linapogusa barabara, haina gridi nzuri kwa njia yoyote. Jaza pengo hilo kwa kijiukuta kidogo cha wima cha milimita chache, ili pembe kali igeuke kuwa kona ya kawaida. Hewa ndani ya kabari hiyo karibu imesimama. Unachopoteza hakionekani kwenye nguvu za jumla.

Gridi za vitalu: mstari wa kona unaingia hadi katikati ya uwanja

Ukijaza kitalu kwa kuingiza nodi moja kwa moja kati ya mipaka minne, kona ya ukutani hunakiliwa kwenye kila mstari hadi mbali. Dalili ni michirizi kwenye picha ya shinikizo inayofuata mistari ya gridi.

Njia ya milinganyo ya eliptiki, iliyotangazwa na Thompson, Thames na Mastin mwaka 1974, inailainisha mistari, lakini ina tabia yake: ikiachwa bila udhibiti, mistari huvutwa kuelekea kona za nje na kusukumwa mbali na kona za ndani. Ukiona seli ya kwanza ni nene mara kumi konani kuliko penginepo, ndiyo sababu. Steger na Sorenson walionyesha mwaka 1979 jinsi ya kuchagua vyanzo vya milinganyo ili unene wa seli ya kwanza na pembe ya kuondokea ukutani vibaki unavyotaka. Kama programu yako ina chaguo la kudhibiti nafasi na pembe ukutani, liwashe kabla ya kulainisha.

Kwa ncha kali ya bawa, gridi ya umbo la C ni bora kuliko ya umbo la O, kwa sababu mistari yake inaondoka nchani pamoja na mkondo wa nyuma badala ya kulazimika kuizunguka. Seli ya mwisho juu ya bawa na ya kwanza baada ya ncha zisipishane kwa urefu zaidi ya mara 1.2. Kwa ncha iliyokatwa, ipe sehemu ya nyuma kitalu chake chenye seli 8 hadi 16 kwenye unene.

Dalili: masalio yanayumba na hayashuki

Masalio ni kosa linalobaki kwenye milinganyo baada ya kila rudio. Badilisha kwa muda mpango wa mtiririko uwe upwind wa daraja la kwanza. Solva ikilipuka hata hivyo, gridi ndiyo mbaya. Masalio yakishuka vizuri, gridi inavumilika na chanzo ni kitu kingine.

Kitu hicho mara nyingi ni fizikia. Ncha iliyokatwa humwaga vizunguzungu kwa zamu, juu na chini. Kwa namba ya Strouhal karibu na 0.2, unene wa milimita 2.52 na kasi ya mita 30 kwa sekunde, hilo linatokea karibu mara 2,400 kwa sekunde. Solva ya hali tulivu haiwezi kutulia juu ya jambo lisilotulia. Chukua wastani wa nguvu ya kuinua kwa marudio mia kadhaa, au hamia hesabu ya wakati yenye hatua ya mikrosekunde 8 hivi, ambayo ni hatua 50 kwa kila mzunguko.

Pale ambapo nyuso chache zimebaki juu ya digrii 70 na huwezi kuziondoa, tumia limited corrected 0.33 kwenye laplacianSchemes na snGradSchemes, na nNonOrthogonalCorrectors iwe 1 au 2. Hiyo ni plasta, na hutoa usahihi kidogo ili kupata utulivu.

Dalili: kilele cha kasi au shinikizo kinapanda kila unapokaza gridi

Hii inawapoteza wengi, kwa sababu si kosa. Katika mtiririko usio na mnato, kasi karibu na kona ya nje ya digrii 90 hukua kwa r^(−1/3), r ikiwa umbali kutoka konani. Kwenye ncha ya bamba jembamba ni r^(−1/2). Ukipunguza seli kwa nusu, kilele kinapanda mara 1.26 kwenye kona ya kwanza na mara 1.41 kwenye ya pili, na kitaendelea hivyo daima. Mnato unaizuia kasi, lakini shinikizo kwenye nodi ya kona bado hupanda.

Usitumie namba ya nodi hiyo kama kipimo cha ubora wa gridi, na usiongeze seli konani kwa ajili ya y+ ya seli mbili tatu. Linganisha nguvu ya kuinua, nguvu ya kukokota na shinikizo la sehemu iliyo mbali na kona kwa angalau seli kumi, kwenye gridi tatu zinazopishana kwa uwiano mmoja, kwa mfano 1.5 kila upande. Kama kona halisi ya kipande chako ina mviringo wa nusu milimita na unahitaji shinikizo la pale pale, basi uchore mviringo huo na uupe seli 6 hadi 10 kwenye tao lake. Kwenye mviringo kilele kina thamani halisi, na gridi zako tatu zitaikaribia.